Mlima wa mtu aliyeajiriwa: hatua za kufika Uhuru bila kuacha kazi wala kuitelekeza nyumba

Mimi ni mhasibu, nakaa Ukonga, nina mume na watoto wawili, mmoja darasa la tano na mwingine chekechea. Jumamosi ya tarehe 27 Septemba 2025, saa moja asubuhi na dakika zake, nilikuwa nimesimama kilele cha Uhuru cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, kamasi zimeganda puani. Tangu nirudi, watu kazini wananiuliza kitu kimoja: ulifanyaje mazoezi? Nawajibu, lakini miguu ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko vyote. Kilichonitoa jasho miezi 18 ni siku. Kila siku niliyotaka kuipa mlima nilikuta ina mwenyewe: ya mwajiri, ya mume, ya watoto, ya msiba wa jirani. Ndiyo maana naanza na kalenda, na mazoezi nimeyaweka huko katikati.

Hatua ya 1: Hesabu siku kabla hujahesabu hela

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, yenye malipo. Hilo neno "mfululizo" lisome mara mbili. Jumamosi na Jumapili zimo humo humo, na sikukuu ikiangukia katikati nayo imeliwa. Wenzetu wa Kenya wanapewa siku 21 na sheria yao ya 2007, ila zao ni siku za kazi, kwa hiyo ukizipiga hesabu hamjaachana mbali.

Chukua karatasi. Andika 28. Kabla hujaandika neno mlima, toa siku za wenye haki nazo. Kwetu Desemba ni ya ukweni, siku 14, na hilo halijadiliwi. Zikabaki 14. Kilimanjaro ilitaka tisa, na mlima wa majaribio kabla yake ulitaka tatu. Nikabaki na mbili za dharura, na zote mbili zilikwisha mwezi wa pili mtoto alipolazwa kwa pumu. Ningekuwa nimezipanga zote 28 hadi ya mwisho, safari ingekuwa imekufa Februari.

Halafu weka kalenda tatu juu ya meza moja. Ya kwanza ni ya mlima: misimu mizuri ni miwili, Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Masika na vuli waachie wenye bima nzuri. Ya pili ni ya kazi yako. Mimi nina PAYE (kodi ya mishahara) tarehe 7 na ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20 kila mwezi, hivyo nafasi ninayoweza kupumua ni kuanzia tarehe 21 hadi mwezi unapofungwa. Mwalimu ataangalia likizo ya Juni. Muuguzi atabadilishana zamu na ataanza kulipa zamu hizo mapema. Wa benki ajue mwisho wa robo mwaka hauna ruhusa. Kalenda ya tatu ni ya sikukuu. Mwaka 2025 Nane Nane ilikuwa Ijumaa, na hapo ndipo nilipouchomeka Mlima Meru, ule wa majaribio: Alhamisi safari, Ijumaa hadi Jumatatu mlimani, Jumanne kurudi. Siku sita nje ya nyumba, tatu tu za kazi.

Kilimanjaro ikakaa hivi: Jumamosi tarehe 20 Septemba basi la Moshi, Jumapili kupumzika na kukagua vifaa, Jumatatu tarehe 22 getini, Jumapili tarehe 28 kutoka, Jumatatu basi, Jumanne kulala. Ritani niliituma Ijumaa tarehe 19 jioni, ofisini nikiwa nimebaki mimi na mlinzi.

Ombi la likizo niliandika Januari kwa ajili ya Septemba. Ndani yake niliweka jina la atakayeshika meza yangu (kwa ridhaa yake, na kwa ahadi kwamba nitamshikia ya kwake Novemba) na orodha ya kazi zitakazokuwa zimekamilika kabla sijaondoka. Bosi aliisoma, akacheka, akauliza, "Sasa wewe mama, ukifia huko nani ananifungia hesabu?" Akasaini.

Hatua ya 2: Kikao cha nyumbani, na usikifanye siku moja

Hapa watu wengi hukosea. Mtu anakuja na uamuzi uliopikwa tayari, ameshalipa na malipo ya awali, halafu anashangaa mwenzake amenuna.

Nilipolianzisha kwa mume wangu ilikuwa Machi 2024. Hakukataa. Alinyamaza, na kwetu kunyamaza maana yake suala limewekwa kiporo. Mei mwaka huo ikatoka habari ya Cheruiyot Kirui, Mkenya, mfanyakazi wa benki, aliyefariki Everest karibu na kilele akijaribu kupanda bila oksijeni ya mtungi. Mume wangu alinisomea habari ile kwenye simu, sauti ya chini, watoto wamelala. Akasema, "Huyu naye alikuwa na kazi kama wewe." Nikaona nikijibu kwamba Everest na Kilimanjaro ni vitu viwili tofauti nitakuwa nimejibu swali ambalo hakuuliza. Nikamwuliza yeye anataka masharti gani.

Alitoa matatu, tukayaandika:

Nipimwe na daktari, na majibu ayaone yeye kwa macho yake. Mwongozaji akisema shuka, nashuka, bila kumpigia mtu simu ya ushauri. Na nisipofika kileleni, isiwe deni la kurudi mwaka unaofuata.

La tatu lilinichoma zaidi, na ndilo lililonisaidia zaidi nikiwa juu.

Mama mkwe alikuja baadaye. Nilimwamkia, nikamweleza taratibu, akanitazama. "Marahaba, mwanangu. Na huko juu kuna nini ambacho hapa Ukonga hakuna?" Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia kuna baridi, mama. Akacheka hadi kanga ikamdondoka begani, akasema atakuja kukaa na wajukuu zile siku tisa. Usijaribu kumpa mkwe wako falsafa. Mpe tarehe ya kuja na tarehe ya kuondoka, na uhakikishe nauli yake na dawa zake za presha zipo.

Kisha gawaneni Jumamosi. Sisi tulikubaliana Jumamosi mbili za mwezi ni zangu kuanzia alfajiri hadi saa kumi jioni, na mbili ni zake, aende mpirani, akalale, asiulizwe. Jumapili ni ya wote. Siku yako ikiliwa na msiba au harusi, imeliwa. Usiidai wiki inayofuata.

Kuna karatasi ya mlangoni mwa friji pia, ambayo niliiandaa wiki mbili kabla: namba ya dereva wa gari la shule, kipulizio cha pumu kiko droo gani na kinatumikaje, LUKU, umeme wa kulipia kabla, inanunuliwaje (mume wangu hakuwahi kununua tangu tuhamie), fundi wa pampu, kadi za bima. Ukiwa hapo hapo, hakiki majina ya wategemezi wako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Mimi yangu ilikuwa bado imeandikwa jina la marehemu baba.

Kama watoto bado wachanga na unaona haiwezekani kabisa, subiri. James Kagambi wa Kenya alifika kilele cha Everest Mei 2022 akiwa na umri wa miaka 62. Mlima hauhami.

Hatua ya 3: Daktari

Nenda miezi sita kabla, ili kikionekana kitu kiwe na muda wa kutibiwa. Wingi wa damu (kwa wanawake hasa, wengi tunatembea na damu pungufu bila kujua), presha, sukari, moyo. Na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Hiki watu wa kwetu hukiruka na ndicho kinachotuhusu sisi kuliko wageni wa Ulaya. Mwenye ugonjwa wa selimundu hapaswi kwenda kwenye mwinuko mkubwa, na hata anayebeba kinasaba bila kuumwa anahitaji kuzungumza na daktari kwanza, kwa sababu hewa inapokuwa nyembamba bandama linaweza kudhurika. Mjamzito aahirishe.

Mwulize pia habari za Diamox, dawa ya kuusaidia mwili uzoee mwinuko. Wengi hupewa miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini ni dawa ya kuandikiwa, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Itakukojoza usiku kucha na vidole vitakuwa na ganzi ya kuchezacheza. Ni kawaida yake.

Ukitoka Dar, pima malaria siku mbili kabla ya safari hata kama unajisikia vizuri. Homa, kichwa na kichefuchefu vikikushika kwenye mita 3,800, hakuna atakayejua ni vimelea ulivyotoka navyo Ukonga au ni mlima.

Hatua ya 4: Milima midogo kwanza

Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Mapafu huwezi kuyazoesha ukiwa hapa, hata ukimbie hadi Kibaha. Unachoweza kujenga ni miguu, mgongo, na uvumilivu wa kutembea saa saba bila kumlaumu mtu.

Siku za kazi nilitumia ngazi. Ofisi yetu iko ghorofa ya nane. Nilianza kupanda kwa mguu asubuhi, mkono mtupu, hadi ikawa mazoea, kisha nikaongeza begi lenye kilo tano za sembe, baadaye kumi. Jioni, badala ya kukaa kwenye foleni ya Gongo la Mboto saa moja unusu, nilipanda na kushuka zile ngazi mara nne hadi foleni ipungue, nikafika nyumbani saa ile ile ambayo ningefika. Muda huo sikumwibia mtu. Masika yote ya 2025 mazoezi yangu yalikuwa hayo tu.

Jumamosi zangu zilianzia vilima vya Pugu na msitu wa upande wa Kisarawe, ambako kutoka kwetu ni bodaboda na daladala. Huko unajifunza buti linakubana wapi, unakunywa maji kiasi gani, na kama begi lako linakukata bega.

Baada ya miezi minne nikaenda Morogoro. Hii imekuwa rahisi tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024: ukiondoka na ya asubuhi unashuka Morogoro haijafika saa mbili za safari, na ukikaza unaweza kurudi kwako siku ile ile, ingawa kwa Lupanga nakushauri ulale. Lupanga iko kwenye safu ya Uluguru, mita 2,138, na mji uko kwenye kama mita 500. Kwa hiyo siku moja unapanda zaidi ya mita 1,600, kwenye njia ya mizizi na utelezi isiyo na huruma. Msitu ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu: lipa kibali, chukua mwenyeji. Mtu anayepanda Lupanga na kushuka kwa miguu yake, kesho yake akaweza kuchuchumaa, miguu ya Kilimanjaro anayo.

Walio kanda ya kaskazini na kati wana Hanang, takriban mita 3,420, juu ya mji wa Katesh. Nenda kiangazi. Yale maporomoko ya tope ya Desemba 2023 yalitoka mlima huo huo. Walio Nairobi wana Longonot na Ngong za kuanzia, na Point Lenana ya Mlima Kenya, mita 4,985, ya kujipima kweli kweli.

Kipimo changu kilikuwa Meru. Mita 4,566, siku nne, unaongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu nyati na tembo wamo njiani. Usiku wa kwanza Miriakamba, wa pili Saddle kwenye mita 3,570, mchana wake unapanda Meru Ndogo (3,820) halafu unashuka kulala. Tulianza safari ya kileleni saa nane usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti, mbalamwezi imejaa, tochi tumezima. Kuna mahali unatembea ukingoni, upande mmoja shimo la kreta, na kwa mbali Kilimanjaro imekaa juu ya mawingu kama chungu kilichofunikwa.

Na hapo ndipo nilipojijua. Kichwa kilianza kugonga kwenye mita 4,300 hivi, nikawa mkali kwa watu. Nilimjibu vibaya mwongozaji aliyeniambia ninywe maji. Tangu siku hiyo najua dalili yangu ya kwanza ya mwinuko ni hasira, na Septemba nilimwambia mwongozaji wa Kilimanjaro mapema: ukiniona nimeanza kufoka, nipe maji na unisimamishe.

Acha wiki tano au sita kati ya mlima wa majaribio na ule mkubwa. Magoti yanahitaji, na nyumba inahitaji zaidi.

Hatua ya 5: Vifaa, na habari ya buti langu

Vya kukodi Moshi: mfuko wa kulalia wa baridi kali, jaketi zito la manyoya, fimbo za kutembelea. Hakuna sababu ya mtu anayeishi Dar kumiliki jaketi la nyuzi kumi chini ya sifuri. Vya kumiliki mwenyewe ni vinavyogusa ngozi yako: buti, soksi, nguo za ndani za joto, glavu.

Mitumba ni rafiki yetu. Suweta za manyoya, suruali zinazokauka haraka, makoti ya mvua, vyote nilivipata Karume na Ilala kwa bei ya kununulia chipsi mayai ya familia. Kwa buti, sikiliza. Nilinunua zuri mno, la Kijerumani, ngozi inang'aa, halijavaliwa hata mara moja. Safari yangu ya pili Lupanga, tukiwa tunashuka, nikasikia kitu kinapigapiga nyuma ya mguu wangu. Nikageuka. Soli ya kulia ilikuwa imefunguka kuanzia kisigino, inacheka kama mdomo wa mamba, na ndani inamwaga unga wa kijivu. Mwenyeji wangu akatoa mpira wa kufungia mizigo ya bodaboda, akaizungusha mara tatu. Hatua hamsini baadaye na la kushoto likaachia. Nilifika Morogoro mjini usiku, nimefungwa mipira miguu yote miwili, watoto wa stendi wananishangilia.

Kosa halikuwa la muuzaji. Ile tabaka laini kati ya soli na ngozi huoza yenyewe kwa miaka, hata buti likiwa limekaa kabatini bila kuvaliwa, na unyevu huharakisha. Buti la mtumba lisilo na mkwaruzo linaweza kuwa na miaka kumi na tano. Kwa hiyo ukilishika, minya kwa dole gumba pembeni ya soli: ikibonyea na kubaki hivyo, au ikitoa ufa mdogo mdogo, lirudishe kwenye rundo. Likunje nusu kama chapati. Kisha livae miezi mitatu kabla hujalipeleka mlimani. Mwisho nilinunua jipya dukani, na ndicho kitu pekee ambacho sikukibania hela.

Mifuko ya plastiki acha nyumbani, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Chukua ya kitambaa. Wanawake: mwinuko huvuruga tarehe, beba pedi hata kama hesabu zako zinasema bado, na kimfuko cheusi cha kurudi nazo.

Hatua ya 6: Hela, njia na watu watakaokubeba

Raia wa Afrika Mashariki hulipa viingilio vya hifadhi kwa viwango vyake, vya shilingi, ambavyo viko chini sana ya dola za wageni. Beba kitambulisho cha taifa (cha NIDA). Lakini kiingilio ni sehemu tu ya gharama. Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji mwenye leseni, na kuna mpishi, wapagazi (wenyewe hujiita wagumu), chakula, mahema, usafiri, vifaa vya kukodi, na bahashishi. Omba mchanganuo ulioandikwa, mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa na kibubu cha aina mbili: kikoba cha kazini kilicholipa mfuko mkubwa, na sanduku la nyumbani la chenji zilizotokana na kuacha chai ya kununua. Ada ya shule haikuguswa. Tulikubaliana kwamba ikiguswa mara moja, safari inasogea mwaka.

Ukipata bei ya chini kupita kiasi, kuna mtu ameilipia, na mara nyingi ni mgumu. Uliza maswali haya kwa sauti ya kawaida: wapagazi wangapi kwa mteja mmoja? Wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, na lini? Wanakula mara ngapi? Mzigo wa mpagazi una ukomo wa kilo 20, hupimwa getini. Atakayekujibu kwa kuzungukazunguka, mshukuru na uondoke. Bahashishi andaa bahasha mapema, na itolewe mbele ya wote, kila mtu akisikia chake.

Njia. Utaambiwa Marangu siku tano ni nafuu na ina vibanda vya kulala. Ni kweli. Sasa angalia namba: geti liko karibu mita 1,870, Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo takriban 4,700. Unapanda kama mita elfu moja kila siku, wakati ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku. Ukiamua Marangu, nunua siku ya sita ulale Horombo mara mbili. Mimi nilichagua Machame ya siku saba. Siku ya tatu unapandishwa hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, unakula chakula cha mchana huku kichwa kinauma, halafu unashushwa kulala Barranco kwenye 3,950 hivi. Siku ya nne ni fupi, hadi Karanga. Mtu mwenye likizo finyu ana kishawishi cha kukata siku hiyo ili arudi kazini mapema. Mimi ningekata siku ya mapumziko Moshi kabla ya kukata hiyo.

Hatua ya 7: Ukiwa juu

Tembea taratibu hadi uone aibu. Kunywa maji kabla ya kiu. Kula hata kama ugali unakutazama vibaya.

Kichwa kuuma, hamu ya kula kupotea, usingizi wa vipande vipande: hivyo vinavumilika, ila visizidi, na visifichwe. Mambo mawili hayana mjadala. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, mwambie atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, ubongo umevimba. Na mtu akihema akiwa amekaa tu, au akikohoa povu, mapafu yana maji. Wote wawili wanashushwa saa hiyo hiyo, usiku au mchana, bila kusubiri kupambazuke. Kileleni oksijeni ni kama nusu ya ile tunayovuta Dar, na hakuna mazoezi ya ngazi yanayobadilisha hilo.

Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, tuliondoka saa sita usiku. Giza totoro, kwa sababu mbalamwezi kamili ya mwezi huo iliangukia tarehe 7, siku ya PAYE. Mambo madogo yaliyonifaa: chupa ya maji niliibeba kichwa chini, maana maji huanza kuganda kwa juu na mdomo wa chupa hubaki wazi. Betri za tochi na simu zilikaa ndani ya nguo, zimelala na mwili. Pipi nilizimenya jioni nikiwa na vidole vinavyofanya kazi.

Kama saa kumi usiku, juu ya mita 5,400, nilisimama nikasema sitaki. Sikuwa naumwa, nilikuwa nimechoka na baridi imenifika kwenye meno. Mwongozaji hakunipa hotuba. Alinifungua glavu, akaniangalia kucha kwa tochi, akaniuliza jina la mtoto wangu mdogo na siku ya wiki. Nikajibu vyote. "Basi mama, unaweza. Ukitaka kushuka, tunashuka, hakuna deni." Lile sharti la tatu la mume wangu, limetoka mdomoni mwa mtu asiyemjua. Nikakaa dakika mbili, nikanyanyuka. Stella Point, ukingoni mwa kreta, tulifika kunapambazuka, na kutoka pale hadi Uhuru ni mwinuko mpole ambao ulinichukua karibu saa nzima.

Ukifika, dakika kumi na tano zinatosha. Kushuka ndiko kunakovunja magoti: siku ile ile unatoka 5,895 hadi kambi ya Mweka kwenye mita 3,100 hivi. Kata kucha za miguuni kabla ya safari. Mimi sikukata, kidole gumba cha kulia bado ni cheusi.

Hatua ya 8: Kurudi

Ile Jumanne ya kulala usiiuze. Nilifika nyumbani Jumatatu usiku, watoto wamekataa kulala, wakakuta mama yao amebabuka pua na anashuka ngazi kinyumenyume. Mama mkwe alinipikia uji, akanikagua uso. "Haya, umeiona hiyo baridi yako?"

Jumanne mchana nilifua, nikampigia simu mwenzangu aliyeshika meza anipe makabidhiano, nikamwachia mume wangu Jumamosi zote nne za Oktoba, na zangu mbili zikiwemo. Watoto nimewaahidi kuwapeleka hadi Mandara, kupanda na kushuka siku moja, Juni shule zikifungwa. Mkubwa ameshaanza kupanda ngazi za ofisini kwangu na begi la daftari.

Jumatano tarehe 1 Oktoba saa mbili kasoro robo nilikuwa kazini. Nilipanda lifti. PAYE ya Septemba ilikuwa imebakiza siku sita.